Taa Nne za Kijani

Siku ya tano nje ya ghala, Tandahimba.
Foleni ya malori haijasogea hata urefu wa jembe,
na korosho zetu, magunia sitini,
zimeanza kunuka jua.

Nyuma ya kiti cha dereva tuna betri ya pili.
Si ya kuwashia injini. Ni ya kwetu sisi:
ya feni, ya simu, ya taa ndogo
ambayo Chande Likwena husomea risiti zake usiku.
Juu yake kuna kipimo, taa nne kwa safu.
Jioni zote kijani. Imejaa.
Saa nne usiku feni inakohoa mara mbili, inakata roho,
mbu wanaingia kama wenye nyumba,
namulika kipimo:
kijani, kijani, kijani, kijani.

Nikasema betri imekufa.
Chande akasema, "Kipimo kina sababu gani ya kunidanganya?"
Akasugua vichwa vya betri kwa maji moto na magadi,
ule unga wa kibichi ukatoka ukitoa povu,
akakaza nati, akaigeuza fyuzi machoni
kama mtu anayekagua samaki wa jana.
Fyuzi nzima.
Usiku, feni: kikohozi, kimya.

Siku ya sita nikamfuata Somoe, fundi simu,
yule wa kibanda cha bluu karibu na mzani.
Alikuja na mita iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hakuigusa betri kwanza. Aliuliza,
"Mnaipima ikiwa imelala au ikiwa kazini?"
Tukatazamana.
"Washeni feni. Aliyekaa kitako kila mara ni mzima."

Akagusisha sindano kwenye vichwa vya betri:
kumi na moja nukta tatu, na inashuka.
Akagusisha nyuma ya kipimo:
kumi na mbili nukta saba, imetulia kama maji ya mtungi.
"Hawa wawili," alisema, "hawajuani."

Tukang'oa zulia. Tukaufuata waya mwekundu kwa vidole,
chini ya kiti, kupitia tundu la sakafu,
hadi ubavuni mwa chasisi, kwenye betri ya injini,
iliyoshiba, iliyopumzika tangu Jumatatu.
Fundi fulani wa Lindi, kwa kubania waya mita mbili,
aliufunga hapo. Miezi minane
tunauliza hali ya mgonjwa,
anajibu jirani.

Mimi nilicheka. Chande hakucheka.
Kila jioni Asumini hupiga kutoka Nyangao:
umekula, umelala, mgongo je?
Naye, kajinyoosha juu ya magunia, meno kayauma,
hujibu salama, salama tu.

Somoe akakata waya, akaumenya kwa meno,
akaunga panapostahili, akazungusha utepe mweusi.
Kipimo kikafikiri kidogo.
Taa moja. Nyekundu.
Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

"Elfu tatu," akasema, "na feni msiiguse
mpaka betri ilale kwenye sola ya kinyozi."
Tuliibeba wawili, nzito
kama mtoto anayekataa shule.

Usiku ule hatukuwa na feni kabisa.
Simu ikalia. Nikamsikia Chande:
"Mgongo... ngoja nikwambie."
Akashuka nayo garini.
Mbu wakabaki na mimi.