Kamba ya Pangaboi

Miaka kumi na tisa nilimvutia jaji upepo
na sura yake sikuijua.
Ukutani palikuwa na tundu la kuingia kikombe,
kamba ikipita humo, nami nje barazani,
kamba imefungwa kidole gumba cha mguu,
Moulmein, mvua ya miezi mitano isiyomeza mate.

Nilimjua kwa kikohozi.
Alipofika alikohoa kama mwanafunzi aliyechelewa,
na kila ushahidi alimuuliza mkalimani
mara mbili, mara tatu: "Hivyo ndivyo alivyosema?"
Naye U Po Lwin akajibu ndiyo,
hata pale muuza samaki alipokuwa anamtukana jaji mama yake.

Mwaka wa sita akaacha kuuliza.
Mwaka wa tisa mkewe akarudi kwao na watoto,
tundu likaanza kunuka wiski kabla ya saa nne.
Mipaka ya mashamba, ng'ombe, talaka:
yote yakapita kama chuya kwenye ungo.

Kisha akaletwa Maung Kyin, mkata misaji,
aliyemuua msimamizi wake kwa shoka,
au hakumuua. Shahidi alikuwa na deni lake.
Nilisikia; sikio la mtumishi halina mlango.
Wanasema jaji huvaa kitambaa cheusi kichwani siku hiyo.
Mimi nilisikia tu: "kwa shingo,"
na mguu wangu ukasita.

Si ushujaa. Kamba ndiyo iliyonitisha:
katani ileile, ya gereza lilelile,
iliyosokotwa na wafungwa walewale.

Joto likashuka chumbani kama blanketi bichi.
Hakuna aliyenifokea.
Ng'ambo ya ukuta nikasikia pumzi yake,
halafu kikohozi, kile cha zamani.
Kamba ikatikisika mara moja.
Ni yeye aliyeivuta? Sijui.
Karani alinikata ujira wa siku mbili.

Maung Kyin alinyongwa Jumanne.
Jaji Pethick akapandishwa cheo, Rangoon, nishani, meli.
Gazeti lililofungia karanga, nikasomewa,
lilisema amefariki kwao, mpenda haki, mfugaji nyuki.
Nyuki!
Miaka kumi na tisa, wala sikusikia mvumo.

Sasa darini pana mashine,
yajizungusha, haichoki, haisikii neno,
na imenichukulia hata jina: pangaboi.
Lile jingine, Appalanaidu,
hakuna aliyewahi kuliuliza.

Usiku, nikilala, kidole bado kinavuta.