Mrefu Mmoja, Mifupi Miwili

Mlio mrefu mmoja, mifupi miwili.
Nikazima. Nikawasha.
Mrefu mmoja, mifupi miwili,
na kioo cheusi kama kitako cha sufuria.

"Inalia nini?" akauliza Bi Nyemo,
karani wa ushirika wa zabibu, Hombolo,
daftari la mizani kalikumbatia kifuani.
Inasema haioni, nikamjibu.
Ina kila kitu isipokuwa macho.

Kadi ya picha ilikuja jana na basi la Dar,
imeviringishwa ndani ya fulana ya mwanawe Chedego:
feni mbili, bei ya mbuzi wanne,
na kikaratasi, *Mama, waambie waweke hii, itakimbia.*
Kompyuta yenyewe ni ya mwaka elfu mbili na tisa.
Nilipoifungua ilitema
vumbi jekundu la barabara ya Ihumwa
na buibui mmoja, mzima wa afya.

Nikafanya tunayofanya mafundi tusipojua:
nikasugua meno ya kadi kwa raba ya penseli,
nikapuliza tundu lake, nikaishindilia mpaka ikasema ta!
nikang'oa betri ndogo ya saa, nikahesabu hadi mia,
nikairudisha.
Mrefu mmoja, mifupi miwili.
Nje wakulima wamekalia kreti tupu
wanasubiri kilo zao ziitwe.

Nilitaka kusema kadi imekufa.
Neno lilishafika mdomoni,
mafundi tunalipenda, halidai ushahidi,
ndipo Bi Nyemo, ambaye mkobani mwake
kisu cha kubebeshea miche hulala na miwani,
akainama, akachungulia ndani ya boksi:
"Hilo tawi nene. Shina linaweza kulilisha?"

Nikageuza pawa saplai. Stika imefifia.
Wati mia mbili.
Kadi peke yake yataka mia na hamsini,
na ubavuni ina tundu la pini sita
ambalo nililiona tangu asubuhi,
sikuwa na waya wake,
nikajifanya ni pambo.

Stoo kulikuwa na maiti ya mashine ya ofisi ya kata.
Nikaitoa moyo: wati mia tano,
waya mmoja umetafunwa na panya.
Nikaufunga kwa utepe mweusi, nikawasha nikiwa nimegeuza uso.

Mlio mfupi. Mmoja tu.

Picha ikaja, lakini picha gani!
Draiva hamna, na diski ya Chedego
inadai mfumo ambao mashine hii haitauona maishani.
Rangi za kuhesabu, aikoni kama matofali ya kuchoma,
herufi zimevimba, ZABIBU peke yake
imekula nusu ya kioo.
Nikaomba radhi. Nipe siku mbili, mama,
nitafute draiva ya zamani, nizipunguze.

"Uzipunguze, zimekukosea nini?"
Alikwisha keti, miwani bado mkobani.
"Masinjisa, mia na arobaini na mbili.
Lechipya, themanini na nusu. Lechipya yuko wapi?"
Anasoma bila kukunja uso,
na kadi ya kuchorea vita na magari ya mbio
inazungusha feni zake chini ya meza,
polepole, haina kazi.