Kitanda cha Pili Kimelipiwa

Perisi, wifi yangu, keti hapa barazani,
sukuma hilo beseni la zabibu, nisikilize.
Mara tatu nimepanda meli kubwa, mara tatu nimeshuka,
na haya hayamo kwenye kijitabu chao cha picha.

Chumba nimechukua cha chini, katikati,
hakina dirisha, na usinung'unike.
Kule juu wanakolipia kuona bahari
ndiko mawimbi yanakopepeta watu kama uwele ungoni.
Ukizima taa hutajua kumekucha;
mimi huacha ya bafuni, mlango nikaushikiza kwa kandambili.

Dawa zako za presha ziwe mkobani.
Sanduku hulikabidhi gatini asubuhi, likakufikia usiku.
Safari ya kwanza tulikula cha jioni, mimi na kaka yako,
na vumbi la Kizota kolani;
wenzetu wa mezani walidhani ndiyo rangi ya kitambaa.

Pasi ya nguo iache. Birika la umeme liache.
Watavichukua na kukuandikia risiti
kama pikipiki iliyokamatwa na trafiki.
Beba sumaku zenye ndoano, zipo Majengo sokoni:
kuta za meli ni chuma, utatundika hata kilemba.

Mlenda mkavu nao uache. Najua.
Mbwa wa bandarini alinusa mkoba wangu akaketi,
afisa akaumwaga pipani unga wa mama yenu,
mama aliyeuanika kwa mikono yake Mvumi,
akaniuliza kama huwa unavutwa.

Na maji, Perisi, yapo. Oga.
Wiki nzima nilikinga kwenye ndoo ya taka
nikiogopa mgao,
kijana wa usafi akiyamwaga, nami nikikinga tena,
hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kadi watakayokupa ni ufunguo, ni kitambulisho,
ni pochi isiyo na kitako.
Soda, *piii*. Picha na nahodha, *piii*.
Siku ya mwisho karatasi hupenyezwa chini ya mlango,
ndefu kama bili ya mtu aliyesahau bomba wazi.

Saa ya meli si saa ya mji.
Wakisema kumi na nusu uwe ndani, uwe ndani.
Nimemwona mama wa watu akikimbia gatini na maboksi ya viatu,
ngazi imeshavutwa, abiria juu wanampigia makofi.
Lile si basi la Kondoa, uombe konda akusubiri.

Na ipo miji ambayo hatutashuka.
Pasipoti yetu haifungui kila mlango.
Wenzetu watatoka na kofia zao,
sisi tutabaki sitahani na chai,
bwawa zima letu, viti vyote vyetu,
mji wa watu mbele yetu kama picha ya kalenda.
Nilikasirika mara ya kwanza. Siku hizi nafua soksi.

Usiku wa mwisho mizigo hutolewa nje ya mlango.
Bakiza gauni!
Mimi nilishuka na kanga mbili na nguo ya kulalia.

Bahari haikunichosha.
Kule anayelala peke yake hulipia wawili,
hata kwa bei ya jamaa anayotupatia Nyemo wetu wa mitamboni.
Mara mbili nimelipia nafasi ya kaka yako.
Kila jioni kijana alikitandika kitanda cha pili,
akakunja taulo likawa tembo,
akamketisha juu ya mto.
Asubuhi nilimkunjua mimi, nikajifutia uso.

Basi Loti apumzike kule Mvumi, hadaiwi nauli.
Njoo wewe.
Unakoroma, najua, nitabeba pamba.
Beba tangawizi, na sabuni yako ya mikono,
kule mmoja akiharisha wanaharisha mia.

Haya, tia sahihi hapa. Kalamu nyeusi.
Na jina uliandike kama lilivyo kwenye pasipoti:
wamekuandika Peresi.