Kizuizini, Ghala

Mtaa huu waitwa Ghala, na ni ghala kweli:
kila asubuhi, karaki haijapoa,
nafungua kizuizi cha barua pepe za kampuni.
Mia mbili na kumi, zimekamatwa usiku.
Mrithi wa dhahabu. Futa.
Zawadi ya riali elfu tisini. Futa.
Benki isiyojua jina langu. Futa, futa.

Kisha moja, ya Jumanne,
anwani ngeni, herufi kubwa tupu:
HARAKA UKOKO TUMA PESA MAMA KALAZWA WETE.

Kichujio hakikukosea. Hata mimi ningeikamata.
Ila Ukoko ni jina la jikoni kwetu,
halimo hata katika pasi yangu.

Nabonyeza Achilia.
Leo Alhamisi.
Simu ya Wete yaita, yaita.