Soksi ya Vidole Vitatu

Mwanangu Tatu ana vidole vitatu mguu wa kushoto.
Msicheke. Jina nilimpa mimi, kwa kuwa ni wa tatu kuzaliwa;
vile viwili vilichukuliwa na Mawenzi,
kidole gumba na jirani yake,
vikageuka vyeusi kama karafuu
na daktari akavikata bila kunitazama usoni.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.
Najua kipimo cha kila kiuno cha mtaa huu,
nani kapungua, nani kaongezeka na hataki kusema.
Ila hili sikuwahi kulipima:
mtoto aliyezaliwa na joto la Tanga,
joto la kulala na kanga iliyoloweshwa maji,
amekwenda kutafuta nini kwenye mawe yaliyoganda?

Wakisema pesa, nakubali nusu.
Wageni aliwapandisha kwa mshahara, miaka minne,
akaniletea mabati, akaniletea cherehani ya umeme.
Lakini safari ile hakukuwa na mgeni wala malipo.
Walikuwa wawili, yeye na Singano wa Muheza,
na kamba, na chai ndani ya chupa.
Singano hakushuka.

Matangani kwa kina Singano niliketi karibu na mlango.
Mmoja akasema ni sifa.
Mmoja akasema jini la mlima lilimpenda.
Mmoja, sauti ameishusha lakini si sana,
akasema, asiyefunzwa na mamaye...
Hakuimaliza. Methali haina haja ya kumaliziwa
ikishamwona mwenyewe.

Nilimuuliza Tatu kwa upole, nikamuuliza kwa fimbo ya maneno.
Siku moja alinijibu, "Kule juu, mama, kila kitu kina uzito wake."
Siku nyingine, "Sijui."
Siku nyingine aliendelea kumenya muhogo.

Nikataka kusema ni kama mkonge:
miaka yote umekaa chini, miiba nje,
kisha unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba,
unachanua, unakufa.
Nikaona naongopa. Mkonge hauna mama
aliyekaa na sahani ya pili, imefunikwa kawa.

Basi Jumanne nikaenda soko la samaki,
nikanunua bonge la barafu, lile la kuwekea changu na vibua,
nikalibeba kwenye ndoo, linadondoka njia nzima.
Nikafunga mlango wa uani.
Nikalivunja kwa mchi, nikalimimina ndani ya beseni,
nikatia mguu wa kushoto.

Mwanzo ni moto. Hili hakuna aliyeniambia.
Kisha sindano, na sindano nazijua.
Kisha mguu ukaanza kuondoka,
ukawa wa mtu mwingine, mtu aliyetulia.
Nilisema nitahesabu hadi mia.
Nikafika mia.
Nikasema, kumi nyingine tu.

Mia mbili na arobaini, Bi Mwanjaa akasukuma mlango,
kikombe cha kuazimia chumvi mkononi.
"Wewe! Unafanya nini? Kwa nini?"
Nilifungua mdomo.
Maneno yalikuwapo, nayaona, kama vifungo ndani ya kopo,
hakuna hata kimoja kilicholingana na tundu.
"Toa mguu!"
"Bado kidogo," nikasema,
na sauti niliyoisikia ilikuwa ya Tatu.

Ameshafunga mkoba. Basi ni la saa kumi na mbili asubuhi.
Sijamruhusu. Sijamkataza.
Usiku huu namshonea soksi za sufu nzito,
ya kulia vidole vitano,
ya kushoto naipunguza mbele,
narudia mshono mara mbili pale penye pengo
usije ukamkwaruza.
Nimeijaribu mguuni mwangu kwanza.
Haikuingia.
Nikaivua, nikaikunja.