Chapa

Nilipoandika, neno lilikuwa zima:
ng'ombe, na ule mkia wake wa juu,
mdogo kama mbu aliyetua ukurasani.
Nikabonyeza "Tazama kama mwanafunzi"
na ng'ombe akaingia na pengo:
ng, kisanduku, ombe.
Kisanduku kitupu, kimesimama wima
kama dirisha la nyumba ya Ihumwa
ambayo mwenyewe aliishiwa saruji.

Nikahesabu. Somo la Tatu, Chanjo za Mifugo,
lina ng'ombe mia mbili na kumi na wawili.
Wote wamepigwa chapa moja,
na si chapa ya mwenye mali.

Nikampigia Ndahani, fundi wa chuo.
"Kwangu zinaonekana, mwalimu."
Kwangu zinaonekana:
jibu la aliyeshiba
akiulizwa habari za chungu cha jirani.

Nikabadilisha fonti.
Ya kwanza ikaleta visanduku vilevile, vinene zaidi.
Ya pili, alama za kuuliza,
kana kwamba programu nayo haijui inafundisha nini.
Ya tatu ikapandisha herufi juu ya herufi
kama mbuzi wanaogombea mlango.
Nje upepo wa Agosti ulikuwa unapiga bati.
Nikainua kibodi, nikaipuliza.
Vumbi jekundu likatoka.
Visanduku vikabaki.

Nikasema basi, watasoma hivyohivyo,
nani Dodoma hii hamjui ng'ombe?
Nikachapisha.

Jumamosi, saa nne asubuhi, ujumbe kutoka Bahi,
kwa Elikana Mchiwa, afisa mifugo, mwaka wa kwanza:
"Shikamoo mwalimu. Ukurasa wa tisa unasema
ndama apewe kisanduku mililita.
Hicho kisanduku ni ngapi?
Niko zizini, bomba ninalo mkononi,
mwenye ndama ananitazama."

Nikakaa chini.
Mimi nilikuwa nalilia mkia,
kumbe kuna kisanduku kimemeza kipimo.
Ilikuwa ile alama ndogo ya nusu,
moja juu, mbili chini, kistari katikati,
niliyoiweka kwa madaha
kwa sababu ilipendeza.

Nikamjibu: nusu.
Herufi nne za kawaida, hazina pambo.
Zilifika zote.

Usiku ule nikawapitisha wote josho, mmoja mmoja.
Kumbe mkia ulikuwa umepindwa;
programu huupinda yenyewe, kwa urembo,
na simu za wanafunzi hazijui kusoma kilichopinda.
Nikafuta mkia uliopinda, nikaweka ulionyooka,
nikafuta, nikaweka.
Kila robo nikaiandika robo, kila nusu nikaiandika nusu.
Wa mia na arobaini alipofika, umeme ukakatika.
Nikamaliza na betri iliyobaki na taa ya simu,
macho yamewaka kama niliyemenya vitunguu.

Kikabaki kitu kimoja, chini ya kila ukurasa:
anwani yetu, Ng'hong'honha,
visanduku viwili kwenye jina moja.
Hiyo imo ndani ya kiolezo, na kiolezo kimefungwa,
na mwenye ufunguo yuko likizo tangu Julai.
Nikachukua risiti ya LUKU, nikaigeuza,
nikaandika jina la mtaa wangu kwa kalamu,
nikalipiga picha, nikalibandika juu ya makovu.
Mwandiko umelalia kulia,
kama mtu anayerudi nyumbani akisukumana na upepo.
Haufanani na chochote kwenye ukurasa ule.
Unasomeka.

Elikana akaandika Jumapili:
"Ndama ananyonya. Na mwandiko ni wa nani?"

Jumatatu Ndahani akapiga simu mwenyewe,
sauti ya mtu aliyekosa usingizi.
"Mwalimu," akasema,
"kuna picha umeweka pale chini.
Kwangu haionekani."