Mara Saba

Jumatatu aliikataa pumba.
Nikasema ni joto. Machui, mwezi wa pili,
hata mimi chakula nakitazama tu.
Jumanne masikio yake yakawa zambarau,
zambarau ile ya vitambaa vya Kwaresima,
na chini ya tumbo madoa,
kama aliyepigwa fimbo usiku na mtu asiyeonekana.
Jumatano nilimkuta amekufa,
amewalalia wanawe wawili.

Batromeo, shemeji yangu, alikuja baada ya isha, simu mkononi.
"Wamebaki saba, bado wanapumua.
Yuko mtu wa baa, atalipa nusu, haulizi kitu.
Nyama ikishakaangwa, nani anaijua ilikufaje?"
Ada ya Sesilia ilikuwa mbavuni mwa wale saba.
Nilinyamaza muda mrefu
kuliko ninavyopenda kusema.
Kisha nikamwambia aende.
Alikwenda, na mpaka leo hajanisalimu.

Zuwena wa mifugo alifika na vespa,
baibui kalifunga kiunoni kwa kamba ya katani,
buti za mpira hadi magotini.
Hakuziba pua.
"Wanakula nini?"
Ndoo za hotelini, nikasema. Kila jioni kirikuu inashusha nne:
wali, maganda ya mananasi, mikate iliyong'atwa mara moja,
na soseji zao za asubuhi.
"Unazichemsha?"
Kuni ghali, daktari.
Akaandika. Kalamu yake haikunilaumu,
na hilo ndilo lililoniuma.
"Hii homa haina chanjo, Filomena, haina sindano.
Mtu haimshiki, watoto wasiogope.
Lakini inakaa kwenye nyama, inakaa kwenye ndoo,
inapanda tope la kiatu kama abiria.
Dume lako limekwenda kwa nani mwezi huu?"

Dume.
Kwa Sirili, kwa malipo ya debe la pumba.
Kwa Anjelina, bure, kwa kuwa ni somo yangu wa kipaimara.
Na mimi mwenyewe, Jumapili, tukitoka kanisani,
kwa kandambili hizi hizi
nilipita mabanda ya watu nikisifia vitoto.

Wale saba hawakuifikia Jumamosi.

Nilikuwa nakwangua ardhi kwa jembe bovu
nilipomsikia mtu nyuma yangu anakohoa.
Vuai.
Miaka kumi na moja jirani yangu huyu
huzunguka kwa nyuma ya mihogo,
njia ndefu, jua kali,
ili upepo wa banda langu usimguse kanzu.
Leo kavaa shati lililochanika, na sururu begani.
Nikamtazama.
"Kufukia si kula," akasema, akaanza kuchimba.

Futi tatu udongo, kisha jiwe.
Sururu ikatoa cheche kwenye matumbawe.
Aliyemburura kila mmoja ni mimi;
yeye alishuka, akapanda, akamwaga chokaa,
chokaa ile niliyonunua nipake ukuta wa Pasaka.
Jua lilituchapa, hakuna aliyezungumza.
Mara moja tu aliuliza yule mdogo wa mwisho alikuwa na jina.
Nikasema hapana. Alikuwa nalo.

Tulipomaliza akaomba maji.
Kwanza alijisugua kwa udongo safi wa chini ya mpapai,
mikono, viwiko, miguu.
Nikammiminia. Akanawa.
Tena. Tena.
Nilihesabu kimoyomoyo, kopo kwa kopo, hadi saba.
Saba, kwa mtu aliyegusa mpini tu.
Na mimi Jumapili ile,
kutoka banda hadi banda,
hata moja.

Jioni nilizichoma kandambili.
Nikaoga, nikavaa viatu vya Sesilia vinavyonibana,
nikaenda kwa Sirili.
Sikuingia. Nilisimama barabarani,
nikaita mara mbili jina lake,
na kabla hajatoka,
nyuma ya ua wa makuti
niliwasikia wake wanakula,
kwa kelele, kwa pupa,
wanagombania ndoo.